Mashine ya Nyasi Inapotoa Moshi

Leo tuzungumzie mashine ya petroli ya kukatia nyasi. Utasema, muuguzi na mashine wapi na wapi? Ngoja nikueleze.

Msimu mmoja wa mvua alikuja mama zahanati akilalamika kichwa na kizunguzungu. Mtoto wake alikuwa ametapika mara mbili. Homa hawakuwa nayo, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tulipomwuliza zaidi, ikajulikana kuwa baba watoto alikuwa akitengeneza mashine iliyokuwa ikitoa moshi. Kwa kukimbia mvua aliiingiza stoo, ukuta mmoja na jikoni, akawa anaiwasha na kuizima asubuhi nzima.

Injini ya petroli hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ile ile itokayo kwenye jiko la makaa. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo mwili unakosa hewa ingawa unapumua. Mtoto hupumua upesi kuliko mtu mzima, hivyo huzidiwa mapema. Aliye tumboni naye hudhurika, hata kama mama anahisi kichwa tu.

Sasa, moshi wenyewe. Ukiwa mweusi, petroli ni nyingi na hewa ni kidogo, na hapo sumu huongezeka. Mara nyingi ni chujio la hewa limejaa vumbi la nyasi, au choki imesahaulika ikiwa imefungwa. Chujio la sponji huoshwa kwa maji na sabuni, likakaushwa kabisa kabla ya kurudishwa.

Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Mashine ya kubeba begani kwa kawaida hutumia petroli iliyochanganywa na oili, na moshi kidogo wakati wa kuwasha si ajabu. Ukizidi, huenda oili ilimiminwa kwa kukisia. Soma kijitabu cha mashine: kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa lita 1 ya petroli. Bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa hupima vizuri sana, ila lisirudi tena kwenye dawa ya mtoto! Ile ya magurudumu, ambayo oili yake huwekwa peke yake, hutoa moshi huo ikiwa oili imejazwa kupita alama au mashine ililazwa ubavu. Moshi usipokwisha, mwite fundi.

Kazi yote ifanyiwe nje, mbali na madirisha. Kufungua mlango wa stoo hakutoshi. Kabla ya kugusa kisu, zima injini, iache ipoe, uchomoe waya wa plagi. Na moshi ukiisha usidhani sumu nayo imeisha. Injini nzima kabisa pia huitoa.

Mtu akiumwa kichwa, akisikia kichefuchefu au akilegea karibu na injini inayonguruma, mtoe nje kwanza, kisha hospitali bila kungoja, hata akisema amepata nafuu. Mwambie daktari au muuguzi kuwa kulikuwa na mashine. Usione haya kurudia, kwa maana kile kifaa cha kubana kidoleni huweza kuonyesha oksijeni ni ya kutosha kumbe ni sumu. Yule mama na mtoto wake walipelekwa hospitali wakawekewa oksijeni, na walirudi nyumbani salama.

Mwisho, petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa, kwani ikipanda inaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe.