Mabinti wa Selofehadi na Kiwanja cha Mwembesongo

Msiba unapotokea Mwembesongo, kata ya Manispaa ya Morogoro chini ya milima ya Uluguru, wanaokaa kwenye mkeka mmoja hawahesabu undugu kwa namna moja. Wapo Waluguru walioshuka milimani, ambao kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Wapo waliofuata reli, viwanda na biashara kutoka mikoa ambako mtoto ni wa ukoo wa baba. Wapo pia Waislamu, ambao mafungu ya mirathi yao yamekwisha kupangwa na dini. Matanga yakishaanuliwa huitishwa kikao cha ukoo, na hapo ndipo suala la nyumba na kiwanja hutajwa: nani abaki, nani ahame, funguo ashike nani. Kama marehemu alikuwa Mkristo, padri au mchungaji aliyeongoza mazishi kwa kawaida hayumo kikaoni. Yeye alimaliza kazi yake makaburini. Makala hii inadai kwamba teolojia inayozungumzia rangi, jinsia, utamaduni na haki ya jamii, katika mji kama Morogoro, inapimwa ndani ya kikao hicho. Kanisa nalo halina udhuru wa kukosekana, kwa sababu historia yake lenyewe ni sehemu ya ugomvi unaoamuliwa pale.

Wako wanaodhani teolojia ya namna hii ni bidhaa iliyoshushwa bandarini juzi. Kumbukumbu zinasema vingine. Mwaka 1969 James Cone aliandika Marekani kwamba Injili isiyosimama na Mweusi aliyeonewa haistahili jina hilo. Mwaka uliofuata Mwalimu Julius Nyerere, akizungumza na masista wa Maryknoll katika jimbo la New York, aliwaambia kwamba Kanisa lisipopambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litahesabiwa upande wa wanaoonea. Agosti 1976 wanateolojia wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walikutana Dar es Salaam na kuanzisha umoja wao, wakikubaliana kwamba fikra za Kanisa hazitapikwa tena Ulaya peke yake na kugawiwa wengine. Basi nchi yetu ni mmoja wa wakunga wa fikra hii. Lakini mkunga naye husahau. Miaka michache tu baadaye Mercy Amba Oduyoye wa Ghana aliwakumbusha wenzake kwamba waliokuwa wakidai ukombozi wa maskini na wa Weusi walikuwa wamewaacha wanawake nje ya mlango, na mwaka 1989 alikuwa mstari wa mbele kuunda umoja wa wanateolojia wanawake wa Afrika uliozinduliwa Accra. Somo lake ni hili: aliyeonewa kwa rangi yake anaweza kumwonea mwingine kwa jinsia yake, tena bila kujua. Uluguru inalithibitisha somo hilo kwa mfano ambao hauna haja ya kuazimwa.

Mfano wenyewe unaanzia pwani. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na sehemu kubwa ya kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuwakomboa watumwa, hasa watoto. Waliokombolewa walilelewa misheni, wakafundishwa kazi, wakaoana, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Kikristo. Mwaka 1877 familia za namna hiyo zilipelekwa bara kuanzisha misheni ya Mhonda. Katika miaka ya 1880 misheni ikafika Morogoro, na kabla ya karne ya 19 kwisha ilikuwa imepanda hadi Matombo. Haki itendeke kwa wamisionari hao: walikuwa wakipambana na uovu uliomfanya mtu mweusi auzwe kama pembe ya ndovu. Ila tuwatazame vizuri waliokombolewa. Mtumwa ni mtu aliyepokonywa mjomba, shangazi, babu, kaburi la wazee na jina la ukoo. Familia iliyojengwa Bagamoyo, ya baba, mama na watoto, baba akiwa kichwa na misheni ikiwa mlezi, ilikuwa dawa ya jeraha hilo. Ilishonwa kwa ajili ya watu wasio na ukoo. Nguo hiyo hiyo ndiyo iliyopandishwa mlimani na kuvalishwa watu ambao ukoo wao ulikuwa hai.

Kwa Mluguru, ukoo, au lukolo kwa lugha yake, hupita kwa mama. Ardhi ya mlimani ilikuwa mali ya ukoo huo. Mwanamke aliyeolewa hakuacha kuwa mwenye haki kwao, na watoto wake walirithi kupitia kwake. Hata mumewe akimfukuza, alikuwa na pa kurudi ambapo jembe lake lilitambuliwa. Sidhani kama kuna misheni iliyosimama mimbarani kuhubiri kwamba mwanamke wa Uluguru anyang'anywe shamba. Mabadiliko hayakuhitaji hubiri. Mwanaanthropolojia Peter Pels, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu wamisionari na Waluguru, anaonyesha kwamba athari kubwa ya misheni ilipita katika mambo ya kila siku kama shule, tiba na namna mabinti wanavyochezwa unyago, kuliko katika mabishano ya imani. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa familia. Daftari la ubatizo, cheti cha ndoa na mafundisho ya wachumba yalimzoesha mtu kwamba kaya ni ya baba. Uchumi wa fedha, mishahara na viwanja vya kununua mjini vikamalizia kazi. Mjukuu wa mwanamke aliyekuwa na haki ya shamba mlimani leo anaweza kuwa mke Mwembesongo katika nyumba yenye hati ya jina moja, na jina hilo si lake.

Hapa mkosoaji wa kwanza atauliza: je, mwandishi anataka turudi kwenye ukoo wa mama kana kwamba ulikuwa paradiso? La. Kuhesabu undugu kwa mama si sawa na kumpa mama madaraka. Mara nyingi mwenye kauli ya mwisho juu ya ardhi alikuwa mjomba, na dada zake walisubiri neno lake. Tena mfumo huo una makali yake kwa mjane. Mwanamume wa Kiluguru akinunua kiwanja mjini kwa jasho lake na la mkewe, kisha akafa, wapwa wake wanaweza kusema mali ya mjomba ni yao, kwa kuwa watoto wa marehemu wana ukoo wao kwingine. Mwanamke aliye salama kwa kaka zake anaweza kuwa mgeni katika nyumba aliyoichanganyia udongo. Lakini ubaya wa mfumo mmoja hauufanyi mwingine kuwa mtakatifu. Teolojia inayosema utamaduni wote ni giza, na ile inayosema utamaduni wote ni hazina, zote mbili zinakwepa kazi ngumu ya kuketi na kuuliza: katika desturi hii na katika desturi ile iliyoletwa na misheni, nani analala nje?

Sheria nayo imechelewa kulijibu swali hilo. Katika mirathi Tanzania Bara ina njia tatu: sheria za mila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865 tuliyoirithi kwa mkoloni, ambayo humpa mjane mwenye watoto theluthi ya mali. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo ziliandikwa kwa makabila ya ukoo wa baba, zinamweka binti nyuma ya kaka zake, na mjane hazimpi fungu ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo wake. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo inapingana na Katiba. Miaka tisa baadaye Sheria za Ardhi za 1999 zikampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini mirathi imebaki nyuma ya ardhi. Na kuna jambo ambalo waumini wengi hawalijui: Mwafrika akifa bila wosia, cheti chake cha ubatizo peke yake hakimtoi katika sheria za mila. Mahakama hutazama aliishi vipi na alikusudia nini. Jaji huuliza kama Mkristo huyu kweli aliishi maisha tofauti na mila. Hilo ni swali la kisheria, lakini ni la kiteolojia vilevile, na Kanisa limewaachia mawakili walijibu.

Biblia yenyewe haikuliacha. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, wanakwenda mlangoni mwa hema ya kukutania. Baba yao amekufa bila mtoto wa kiume, nao wanadai urithi wa ardhi mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote. Musa hana jibu. Anakwenda kumuuliza Mungu, na Mungu anasema wana haki, kisha sheria inabadilishwa. Wengi huishia hapo. Anayesoma mpaka sura ya 36 atakuta wakuu wa ukoo wakirudi na pingamizi: mabinti hawa wakiolewa nje, ardhi itahama. Suluhu inayotolewa inawabana waolewe ndani ya kabila la baba yao. Maandiko hayakuficha kwamba haki iliyopatikana mlangoni ilipunguzwa kikaoni. Mtu wa Uluguru anaielewa hadithi hiyo bila mkalimani. Analielewa pia jambo jingine. Padri Charles Nyamiti, Mtanzania, alimweleza Kristo kuwa ndiye mhenga wetu. Mluguru ana haki ya kuuliza: mhenga wa upande upi? Mathayo anaorodhesha ukoo wa baba hadi Yosefu, kisha anapofika kwa Yesu anamtaja Mariamu. Kwa imani ya Kanisa, ubinadamu wote wa Kristo ulitoka kwa mama. Na kwa hesabu ya lukolo, hilo linatosha kusema ni wa ukoo wa nani.

Mkosoaji wa pili atasema haya ni siasa, na kwamba Paulo alipowaandikia Wagalatia kuwa katika Kristo hakuna tofauti ya mtumwa na huru, mwanamume na mwanamke, alisema habari za roho. Jibu liko Bagamoyo. Wale mapadri wa 1868 wangeamini hivyo, wangewabatiza watumwa na kuwaacha na minyororo yao. Walilipa fedha, wakajenga nyumba, wakagawa mashamba. Ikiwa neno la mtumwa na huru lilifika hadi shambani, neno la mwanamume na mwanamke lililo katika mstari uleule haliwezi kuishia kanisani. Mkosoaji wa tatu atasema uongozi wa mwanamke ni mgeni kwetu. Huyo asome historia ya mji anamoishi: msafiri Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871, mji wenye kuta uliokuwa hapa ulitawaliwa na Simbamwene, binti wa Kisabengo, aliyeshika nafasi ya baba yake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) nalo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, linawabariki wanawake kuwa wachungaji. Pingamizi la nne lina uzito zaidi: Mwembesongo ni kata ya dini mbili, na Kanisa haliwezi kupanga mirathi ya jirani. Kweli. Ila jirani Mwislamu, tukubali au tubishane juu ya ukubwa wa mafungu yake, ana fungu la mjane na la binti lililotajwa wazi, na sheikh analijua. Mkristo hana cha kuonyesha kikaoni isipokuwa huruma ya shemeji. Hilo lingepaswa kulitia Kanisa haya kabla ya kulitia hasira.

Kinachotakiwa hakihitaji sinodi. Mafundisho ya ndoa yanayowaeleza wachumba juu ya unyumba yanaweza kuwaeleza pia juu ya hati yenye majina mawili. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, hukutana nyumba kwa nyumba. Ndimo mtu anamoweza kufundishwa kuandika wosia, na kwamba RITA, wakala wa serikali, huutunza. Hesabu 27 na 36 zisomwe pamoja, na mjomba, mpwa na mjane wakiwa wamekaa wanasikiliza. Na mazishi yakiisha, mchungaji aulize kikao ni lini, aombe kukaribishwa, akae kimya mpaka zamu yake ifike. Atakapoulizwa anachojua juu ya ukoo, atakuwa na la kusema: Musa naye hakuwa na jibu, lakini aliwasikiliza wale mabinti mpaka mwisho.