Pān: Herufi ya Kichina ya Kupanda Inayowachoma Watu wa Kujilinganisha

Cheki hii herufi: 攀. Usiogope. Ndio, ina mistari 19 na mara ya kwanza mimi niliona ni kama seng'enge imejikunja. Lakini ukiitoa pole pole inaeleweka.

Inasomwa pān, sauti ikikaa juu bila kushuka. Maana yake ni kupanda. Eeh, pān na panda! Hizi lugha hazina undugu wowote, ni bahati tu, lakini sasa huwezi sahau.

Angalia pale juu. Kuna 木 kushoto na kulia, huo ni mti. Chini kabisa kuna 手, mkono. Kwa hivyo hii ni kupanda kwa kushika na kujivuta, kama mtoto akifuata maembe. Kupanda ndege wana herufi ingine, 登. Wale wasee wa kuparamia miamba mchezo wao ni 攀岩, pānyán. Bei zikipanda, ni 攀升.

Sasa utamu uko hapa: Mchina hapandi mlima pekee, anapanda mpaka watu. 攀谈, pāntán, ni kuanzisha stori na mtu. 高攀, gāopān, ni kujishikilia kwa mtu aliyekuzidi cheo ama dooh, hasa kuoa ama kuolewa huko. Mkubwa akikukaribisha unaweza kujinyenyekeza useme 不敢高攀, yaani sithubutu kupanda hapo juu. Ukisema ukiwa umenuna, kimeshakuwa kijembe.

Halafu kuna 攀比, pānbǐ. Hiyo 比 ni kulinganisha. Ni ile beshte amenunua simu mpya, na wewe unakopa ndio umfikie. Unashika maisha ya mwenzako kama tawi, unajivuta. Wachina hulitumia kwa watoto wa shule wanaoshindania viatu, na kwa harusi za kuonyeshana. Sisi tunasema kujilinganisha, sawa, lakini hapo huoni mkono.

Mimi nilikutana na hilo neno usiku nikipitia status za wale tulikuwa nao chuo kabla niache. Wote wako na majoho. Nilizima data, nikalala.

Ukitaka kujaribu kuiandika, anza na mti wa kushoto. Mkono unakuja mwisho kabisa.