Dola Ishuke!

Huenda wadhani kila nchi hupenda fedha yake iwe na nguvu. Sivyo. Mwaka 1985 Marekani ilitaka dola yake ishuke.

Wakati huo dola 1 ilikuwa sawa na yen 240 hivi za Japani. Gari la Kijapani la yen 2,400,000 lilimgharimu Mmarekani dola 10,000. Magari hayo yalinunuliwa sana. Viwanda vya magari vya Marekani vilipunguza wafanyakazi. Wabunge wao walikasirika, wakataka bidhaa za Japani zitozwe ushuru mkubwa.

Tarehe 22 Septemba 1985 mawaziri wa fedha wa Marekani, Japani, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Uingereza walikutana New York, wakakubaliana kuishusha dola. Benki kuu ziliuza dola nyingi na kununua yen. Nyanya zikijaa sokoni bei hushuka. Fedha nayo ni vivyo hivyo.

Mwanzoni mwa 1987 dola 1 ilikuwa yen 150 hivi. Piga hesabu: gari lile lile, dola 16,000!

Lakini makampuni makubwa ya Japani yalikubali faida ndogo, yakajenga viwanda huko huko Marekani. Marekani ikaendelea kununua vingi kwa Japani kuliko ilivyowauzia. Viwanda vidogo vya Japani vilivyouza nje ndivyo vilivyoumia.