Somo la Redio: Neno "Bado"

Fungueni madaftari, na mwenye miwani aivae. Leo tuna neno moja tu, neno dogo mlilolisema tangu utotoni: bado. Kulisema mnajua sana. Kazi yetu leo ni kuliandika mahali pake.

Asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno baada. Twalitumia kwa jambo ambalo halijatimia wala hatujalikatia tamaa, na hasa kwa kitu tunachokitafuta nacho hakijaonekana.

Twendeni Yaeda Chini, katika wilaya ya Mbulu. Huko Mhadzabe akitaka asali hupiga mluzi porini. Yuko ndege mdogo ajuaye mahali pa nyuki. Huja akilia, akamtangulia mti kwa mti. (Wataalamu walieleza mwaka 2023 kwamba ndege wa huko huitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti wanazotumia Wayao wa Msumbiji kuwaita ndege wa kwao. Kumbe ndege naye ana lugha ya nyumbani!) Sasa, mtu huyu yumo njiani, ndege yu mbele yake, nyuki hajawaona. Ukimwuliza, "Umepata asali?" hawezi kusema ndiyo. Wala hatasema hapana, maana safari haijaisha. Atajibu: "Bado."

Kwa mdomo, hilo latosha. Anayekusikia anauona uso wako na anajua mlikuwa mkizungumza nini. Karatasi haina uso. Katika barua bado huhitaji kitenzi cha kushikamana nacho, na kitenzi hicho huchukua silabi -ja-. Someni polepole sentensi hizi tatu:

Mbuzi hapatikani.
Mbuzi hakupatikana.
Mbuzi hajapatikana.

Ya kwanza yasema kwamba mahali hapo, hata ukienda na fedha mkononi, mbuzi humpati. Ya pili yasema alitafutwa, na kazi ile ikaisha bila kumwona. Ya tatu yasema hajaonekana mpaka sasa, na huenda akaonekana kesho. Tofauti ya ya pili na ya tatu ni -ku- na -ja-, herufi mbili kwa mbili, lakini tazameni uzito wake.

Yaeda Chini wanakaa Wahadzabe, Wairaqw na Wadatoga. Lugha zao tatu hazina undugu hata kidogo, wala hazina undugu na Kiswahili. Kwa hiyo barua ya kijiji kwa kijiji huandikwa kwa Kiswahili, na msomaji hana pa kuuliza ila karatasi yenyewe. Tuseme mtoto aliyekuwa akichunga ndama amepotea bondeni jioni. Mwenyekiti anampa mwenye pikipiki barua aipeleke kijiji cha jirani: "Mtoto hakupatikana." Wale wakiisoma watafahamu kwamba habari imekwisha. Watasikitika, labda watajiandaa kuja kutoa pole asubuhi. Lakini kama ameandika, "Mtoto hajapatikana. Bado tunamtafuta," wanaume watachukua tochi na kutoka usiku ule ule.

Mmeona kwamba katika sentensi ile ya mwisho bado imefuatwa na kitenzi cha kukubali: bado tunamtafuta. Hapo maana yake ni kwamba kazi inaendelea. Mwaweza pia kusema "bado hajapatikana". Wako walimu wanaokataza, wakidai -ja- peke yake yatosha. Mimi sioni kosa. Watu husema hivyo Mbulu na Pwani pia, na neno huongeza nguvu.

Neno hili huhesabu vilevile. Mbuzi kumi wameingia zizini kati ya kumi na wawili, mchungaji husema, "Bado wawili." Hakusema wamepotea. Anawangoja.

Tena kuna adabu yake. Mtu akiulizwa kama ana watoto, naye hana, aghalabu hujibu, "Bado," asiseme, "Sina." Muulizaji mwenye busara akisikia hivyo haendelei kuuliza.

Sasa zoezi. Jazeni nafasi kwa kitenzi kilicho katika mabano, mkitumia -ja- au -ku-, kisha msomeane.

1. Tumechimba kisima siku nne, maji ______ (kuonekana). Kesho tunaendelea.
2. Mwaka jana tulichimba kule juu, maji ______ (kuonekana), tukafukia shimo.
3. Ng'ombe saba wamerudi, wawili ______ (kurudi). Vijana wako njiani kuwafuata.
4. Andikeni barua ya mistari mitatu kwa kijiji cha jirani kuhusu mnyama aliyepotea, nanyi mngali mkimtafuta.

Majibu tutayasoma katika kipindi kijacho.