Vigae Si Taka: Jinsi ya Kupamba Mtungi Mkuukuu

Wahenga walinena, usitupe mbachao kwa msala upitao. Mwaka huu nimeonelea niwaeleze wenzangu jinsi ya kupamba vyombo vya nyumbani kwa vitu ambavyo wengi wetu huvitupa jaani, sana sana sahani na vikombe vilivyovunjika.

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya umaskini. La hasha! Sisi watu wa Malindi tuna ushahidi karibu nasi. Ukienda Mambrui, kaskazini mwa mji wetu, utaona kaburi la kale lililopambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Waliozikwa namna hiyo hawakuwa maskini. Na kule Kiunga, Lamu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wamekuwa wakiokota ndara kuukuu zilizotupwa ufuoni na mawimbi, wakazichonga sanamu za wanyama na kuziuza.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Nyumbani kwetu mtungi wa bibi ulipata ufa, ukawa hauweki maji. Mimi na dada yangu tuliupamba hivi:

Kwanza, osha vigae kwa sabuni, vikauke. Kipande kikiwa kikubwa, kifunge ndani ya gunia ndipo ukigonge kwa nyundo, ili vipande visikurukie machoni. Vaa viatu!

Pili, changanya saruji kopo moja na mchanga safi makopo matatu. Tia maji kidogo kidogo mpaka iwe kama ugali laini. Vaa glavu kwa sababu saruji huchoma ngozi.

Tatu, lowesha mtungi kwanza. Udongo mkavu hunywa maji ya saruji, na vigae havitashika. Paka saruji sehemu ndogo tu, pachika vigae, halafu uendelee na sehemu nyingine.

Nne, saruji ikianza kushika, pangusa vigae kwa kitambaa chenye maji. Funika mtungi kwa gunia bichi siku tatu ili usikauke upesi ukapasuka.

Leo mtungi huo umepandwa mrehani, uko barazani. Ule ufa nao una kazi, unatoa maji yaliyozidi.

Tahadhari: pambo lisiharibu kazi ya chombo. Usibandike kitu ndani ya chombo cha kulia, wala usizungushie kitambaa kitu kinachokaa karibu na moto. Mkebe uliokuwa na dawa ya wadudu usiuguse kabisa. Na ukitaka makome, usiyaokote katika hifadhi ya bahari ya Malindi, ambayo imelindwa tangu 1968.

Pengine utauliza, mtungi una maana gani kwa mwanafunzi? Hebu nikueleze. Shule yetu ni ya kutwa. Tunakaa pamoja tangu asubuhi, lakini kengele ya jioni ikilia kila mtu anashika njia yake, na wengi wetu hatujuani nyumbani. Nimewasikia wengine wakisema, "Kwetu usije, hakuna kitu." Mtu kama huyo hukosa wa kusoma naye jioni, akapoteza maksi bure kwa ajili ya kuionea haya nyumba ya wazazi wake.

Mtungi wa vigae hauleti stima wala meza. Lakini dada yangu, ambaye zamani aliwapokea wenzake nje njiani, siku hizi huwaleta hadi barazani. Wakikaa husifu mtungi kwanza, kisha hufungua vitabu vya Hesabu.

Shime, wenzangu! Sahani ikivunjika kwenu, usitupe vigae. Tukutane barazani, yako au yetu.