Wazazi Wakienda kwa Wakwe Nje ya Nchi: Ya Kujua Kabla ya Kupanda Basi

Katika darasa letu la ualimu peke yake nawajua watatu ambao wapenzi wao wanatoka nchi jirani: mmoja Kenya, mmoja Burundi, mmoja Malawi. Mapenzi yenyewe yana mabingwa wengi humu jaridani, kwa hiyo hayo nawaachia. Mimi naongelea siku ambayo mama atakupigia simu na kusema, "Mwanangu, tunataka tukawaone wenzetu," na hao wenzetu wako ng'ambo ya mpaka.

Kwetu Songea siku hiyo ilifika mwaka jana. Kaka yangu anafanya kazi Lilongwe. Anaishi na dada mmoja wa Dedza, na wana mtoto wa kiume. Wazazi waliamua kwenda kumwona mjukuu, na ukishafika Lilongwe huwezi kurudi bila kupiga hodi kwa wazazi wa binti, maana Dedza haifiki hata kilomita 100 kutoka hapo. Mimi nilichukuliwa kama mkalimani wa Kiingereza. Nilikuwa likizo, boom limekwisha, na nauli wanalipa wao. Nani angekataa?

Njia kwanza, maana hilo halihitaji maneno mengi. Malawi kwa mtu wa Ruvuma ni jirani wa kuona kwa macho. Simama Mbamba Bay, tazama magharibi, ni maji tu na upande wa pili ndiko huko. Lakini kwa basi unalizunguka ziwa lote kwa kaskazini: Songea hadi Njombe, Makambako, Mbeya, Tukuyu, unashuka Kasumulu, unavuka mto Songwe, halafu Karonga, Mzuzu, Lilongwe. Ukiwa na wazee panga kulala njiani, usiwafanyie ujana. Viza Mtanzania haombi kwa ziara fupi. Pasipoti ni shilingi 150,000, na asiye nayo anaweza kuuliza Uhamiaji habari za hati ya dharura ya kusafiria. Saa za Malawi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na hili si dogo kama umewaahidi wakwe kuwa utafika saa nne.

Jambo lingine la njiani ni jina la ziwa. Sisi tunasema Ziwa Nyasa, wao wanasema Ziwa Malawi, na nyuma ya majina hayo kuna ugomvi wa mpaka. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, kwamba mpaka uko ufukweni upande wetu. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Mwaka 2012 maneno yalipamba moto tena. Mama aliamua tangu Mbeya kwamba kwa wakwe litaitwa "ziwa" tu, basi. Naona ni uamuzi mzuri kuliko mingi iliyowahi kutolewa juu ya suala hilo.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, yaani nani anaongea.

Sisi Wangoni wa Songea tunafuata ukoo wa baba. Mtoto ni wa baba yake, jina ni la baba, na kwenye posa wazee wa upande wa baba ndio wanaokaa mbele. Baba yangu alikwenda Dedza na akili hiyo. Alivaa koti, alikuwa na bahasha mfukoni, na hotuba aliifanyia mazoezi tangu Makambako. Alipokaribishwa akakaa, akasalimia, kisha akamgeukia baba wa binti na kuanza. Yule mzee alisikiliza kwa heshima zote, akapiga makofi mepesi ya kushukuru kama desturi yao ilivyo, halafu akasema tumsubiri malume.

Malume ni mjomba, kaka yake mama. Tukasubiri. Baba alinong'ona kwa Kingoni kwamba mwenye nyumba anatukwepa. Mama akamwambia atulie.

Hakuwa anatukwepa. Wachewa, walio wengi katika Malawi ya kati, wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto anazaliwa ndani ya ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu ya mama huyo, dada zake na watoto wao ni kaka yao mkubwa. Kundi hilo analolilinda linaitwa mbumba, na yeye ni mwini mbumba. Kwa mila yao ya zamani mwanamume akioa anahamia kijijini kwa mkewe, na huko anaitwa mkamwini. Kwa hiyo yule mzee tuliyemwona kama mwenye nyumba naye ni mkwe aliyekuja kuoa hapo, hata kama amekaa miaka 30 na nyumba kaijenga mwenyewe. Angejibu posa ya binti yake peke yake, angekuwa ameruka watu. Kwake kunyamaza ndiyo ilikuwa adabu.

Malume alikuja, akaketi, na hapo ndipo hotuba ilipopata mwenyewe. Kabla ya hapo baba alijaribu kulainisha hewa kwa historia. Akaeleza kwamba Wangoni wa Maseko walioko Dedza na Ntcheu waliishi kwetu, upande huu wa Ruvuma, chini ya Mputa, mpaka miaka ya 1860 hivi walipopigwa na Wangoni wenzao, wakavuka mto kurudi kusini na kuishia katika milima ile. Habari hiyo ni ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba familia hii ni Wachewa, waliokuwepo kabla Maseko hawajafika. Mzee mmoja akacheka hadi akakohoa: "Kumbe ninyi ndio mliotuletea hawa!" Nikatafsiri, na hata baba akacheka. Ajabu ni kwamba hata tungekuwa kwa hao Wangoni wenzetu bado tungehitaji Kiingereza, maana wao leo wanaongea Kichewa na sisi Kingoni chetu cha Songea, na hakuna upande uliobaki na lugha waliyotoka nayo kusini. Kilichotusaidia zaidi ni maneno yanayofanana. Nyumba ni nyumba, mbuzi ni mbuzi, maji ni madzi, kuku ni nkhuku. Mama na mwenzake waliongea jikoni saa nzima bila mkalimani.

Halafu likaja la mtoto. Baba alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba yuko tayari kulipa mahari na baadaye mjukuu aje Songea akue kwa babu yake. Ukumbini kukawa kimya. Malume alijibu polepole, nami nikapokea kwa Kiingereza kutoka kwa shemeji. Alisema wanashukuru sana kwa moyo huo, lakini ukoo wao hauuzi mtoto. Baba akaumia, maana hakuna aliyezungumzia kuuza. Kwetu mahari ndiyo inayoonyesha kwamba binti ana thamani na watoto wana kwao. Malawi yenyewe hawafanani. Watumbuka na Wangoni wa Mzimba, kule kaskazini tulikopita na basi, wanatoa lobola kama sisi. Angekuwa binti wa Mzimba, ile bahasha ingepokelewa kwa vigelegele. Kwa Wachewa kinachofunga ndoa ni ankhoswe.

Nkhoswe ndiye mshenga wetu, ila kazi yake ni ndefu zaidi. Mshenga kwetu akishakula pilau ya harusi anaweza kurudi zake nyumbani. Nkhoswe anabaki na ndoa hiyo maisha yake yote. Wakigombana anaitwa yeye, na mmoja akifiwa anaitwa yeye. Kila upande unatoa wake, mara nyingi mjomba, na siku ya shughuli yenyewe, inayoitwa chinkhoswe, pande mbili zinapeana kuku, jogoo na tetea. Bila hao, mbele ya wazee hakuna ndoa, hata kama watu wanaishi nyumba moja na wana mtoto.

Na hapo ndipo ilipokuwa shida yetu ya kweli. Kaka na shemeji wameishi pamoja miaka mitatu. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke, inadhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Malawi, kwa sheria yao ya 2015, kuishi pamoja kunahitaji miaka isiyopungua mitano. Kwa hiyo baba alikuwa anasema "mkwe wangu" tangu Songea, na wenyeji kwa sheria yao na kwa mila yao walikuwa bado hawajaona mkwe. Walituona wageni wazuri waliokuja na sukari, mchele na khanga. Kama kesho kaka angepatwa na jambo, ni nani angesimama kumsemea mtoto yule upande wetu? Malume aliuliza swali hilo kwa upole, na baba hakuwa na jibu.

Wanachuo wenzangu mnaosoma sheria mtaniambia Tangazo la Sheria za Mila la 1963 linamweka mtoto wa ndoa upande wa baba. Sawa, lakini lile liliandikwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, na nguvu yake inaishia Kasumulu. Na msidhani jambo hili ni la wenye pasipoti tu. Tunduru iko ndani ya mkoa wetu wa Ruvuma, na Wayao wa Tunduru wanafuata ukoo wa mama. Waluguru pia, Wamakua pia. Ukioa Tunduru unaweza kukutana na mjomba yuleyule kwa nauli ya siku moja.

Kwa maoni yangu kazi hii ni ya mtoto, haimhusu mzazi. Kaka ameishi na shemeji miaka mitatu na hakuwahi kumuuliza nani anaongea kwao. Swali hilo lina dakika tano: kwenu mtoto ni wa nani, nani anapokea wageni wa posa, bahasha inatolewa au ni tusi, nani anakaa wapi? Wewe ndiye unayelala na kuamka na jibu. Mzazi wako anakuja na koti lake na hotuba ya Makambako, na anaaibika mbele ya watu wazima wenzake kwa sababu wewe ulikuwa busy na maisha. Nilimwambia kaka hivyo. Alikasirika kidogo, kisha akakubali kidogo.

Tulilala Dedza usiku mmoja. Jioni ilikuwa nsima na kuku, na nsima ni ugali, tusidanganyane. Mama alipiga magoti kusalimia bibi wa shemeji, jambo ambalo kwetu pia lipo, na kuanzia hapo bibi alimkalisha kwenye mkeka wake hadi asubuhi. Bahasha ilirudi Songea. Mtoto alibaki kwa mama yake, na makubaliano ni kwamba atakuja likizo akishaanza shule, akisindikizwa.

Kilichobaki ni nkhoswe wa upande wetu. Baba alitaka awe mdogo wake. Malume akasema mleteni mnayemwamini, lakini wao wangefurahi wakimwona mjomba wa kijana. Yaani kaka yake mama yangu. Kwa baba hilo halikuwa jepesi, mtu wa ukoo mwingine kuusemea ukoo wake nchi ya watu, na alinyamaza kutoka Dedza mpaka Karonga. Tulipovuka Songwe akauliza kama mjomba ana pasipoti. Hana. Tunachanga sasa, mimi elfu kumi yangu nimeahidi boom likiingia, na mjomba ameshaanza kuuliza jogoo wa Songea kama anaruhusiwa kuvuka mpaka.