Nyayo bapa: Je, simu inaweza kumwandikia mtoto soli maalumu?

Siku hizi zipo programu za simu zinazopiga picha ya mguu na kupendekeza soli maalumu ya kuweka ndani ya kiatu. Kwa mzazi wa Zuzu mwenye mtoto wa nyayo bapa, ni habari ya kuvutia. Lakini soli hizo ni gharama, na watoto wengi hawazihitaji. Tunaeleza.

Nyayo bapa ni nini?

Watu wengi wana upinde chini ya unyayo, kati ya kisigino na vidole. Asiye nao, unyayo wake hugusa chini wote. Watoto wadogo karibu wote huanza hivyo, na upinde hujitokeza polepole katika miaka kumi ya kwanza.

Mpime mtoto nyumbani. Lowesha unyayo wake, kisha asimame kwenye saruji kavu. Alama ikijaa yote, mwambie asimame kwa ncha za vidole. Upinde ukionekana, mguu wake unakunjika vizuri.

Mashine inajifunzaje?

Wataalamu huipa kompyuta rekodi za wagonjwa wengi: picha za nyayo, eksirei, umri, uzito, sehemu inayouma, na soli ambayo kila mmoja aliandikiwa. Kompyuta hutafuta mambo yanayofanana. Ikipewa mguu mpya, inakisia mtaalamu angeamua nini. Ni kama kijana anayejifunza kwa fundi: anaiga kazi aliyoiona, pamoja na makosa ya fundi wake.

Ndiyo maana ni muhimu kujua imefundishwa kwa miguu ya nani. Mwaka 1992, Rao na Joseph wa India walichapisha uchunguzi wa watoto 2,300. Waliozoea viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa; wasiovaa viatu, asilimia 2.8 tu. Programu iliyofundishwa kwa watoto wa viatu vya kufunga inaweza kumkosea mtoto anayechunga mbuzi peku. Tena soli hiyo inahitaji kiatu cha kufunga. Kwenye kandambili au makatambuga haikai.

Picha pia haioni kama mguu umekakamaa, wala haimuulizi mtoto anaumwa wapi.

Nani anahitaji soli?

Mtoto asiye na maumivu, ambaye upinde hutokea akisimama kwa vidole, kwa kawaida hahitaji. Soli huwapunguzia baadhi ya watu maumivu, lakini haijathibitika kwamba humjengea mtoto upinde.

Nenda kituo cha afya ukiona:

- maumivu ya mguu, au mtoto anachoka na kukataa kutembea;
- mguu mgumu, upinde hautokei hata akisimama kwa vidole;
- mguu mmoja tu ndio bapa;
- mtu mzima ambaye upinde wake umeanza kushuka;
- mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi au kidonda mguuni.

Ikibidi, omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa, na uulizie mtaalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi. Chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi, kinafundisha wataalamu hao tangu 1981. Mashine inaweza kumrahisishia kazi mtaalamu huyo, lakini yeye ndiye anayeushika mguu na kumsikiliza mgonjwa. Kabla ya kulipia soli uliyopendekezewa na simu, mwone kwanza.